The Lion King (gemu ya 1994)

The Lion King ni gemu ya video iliyotengenezwa na Westwood Studios ya Las Vegas na kusambazwa na Virgin Interactive mwaka 1994, miezi michache baada ya filamu ya katuni ya Disney yenye jina hilohilo kuanza kuonyeshwa mwezi Juni. Ilitolewa kwa mashine za Super Nintendo na Mega Drive, kisha kwa kompyuta. Ina hatua kumi: katika sita za kwanza mchezaji humwongoza Simba akiwa mtoto, na katika nne za mwisho akiwa dume mwenye manyoya shingoni. Inastahili kuzungumziwa kwa sababu inaonyesha waziwazi ugumu wa swali moja la zamani: gemu iliyozaliwa na filamu ipimwe kwa kipimo gani?

Wengi huanza na kufanana. Je, sura ni zilezile, nyimbo ni zilezile, hadithi inafuata mkondo uleule? Kwa kipimo hicho gemu hii inapita bila kutoa jasho, maana wachoraji wa Disney wenyewe walishiriki kuchora mienendo ya wahusika, na nyimbo za Elton John zinasikika ndani yake kwa milio ya mashine. Ila picha ya mtu nayo hufanana na mtu, na haikusalimii.

Kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, kimetufundisha kipimo bora zaidi. Katika miji midogo ya barabarani, kama Nyakahura iliyo kwenye njia ya Lusahunga kwenda Rusumo, filamu za kigeni zimetazamwa kwa miaka mingi kwenye mabenchi, sauti ya msimulizi ikifunika ya waigizaji. Aliyevuma kuliko wote Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Lufufu hakuwa akitafsiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, aliongeza yake, na hakuna aliyemdai uaminifu kwa maandishi ya Hollywood au Bombay. Watu walidai filamu iwe hai mbele yao. Gemu nayo ni msimulizi wa aina hiyo, ila husimulia kwa vidole vya anayeishika pedi. Iulizwe basi: imetupa cha kufanya ambacho filamu ilituonyesha tu?

Mahali pawili The Lion King inajibu vizuri sana. Hatua ya nne ni mbio za nyumbu bondeni. Kwenye filamu mtazamaji aliketi na hofu yake. Kwenye gemu nyumbu wanakimbia kuelekea kwenye kioo, wengine wakitokea mgongoni kwako, na ni wewe wa kukwepa na kuruka mawe. Mahali pa pili ni pambano la mwisho na Scar, adui wa Simba. Unaweza kumparura kwa makucha mpaka uchoke, haitoshi: lazima umnyanyue na kumtupa kutoka ukingo wa jabali. Mchezaji asiyegundua hilo huzunguka bure, tena kwa hasira. Filamu ilimwangusha Scar ukiangalia. Gemu inataka mkono wako uwe ndani ya tendo hilo.

Doa lake liko hatua ya pili. Simba anaruka juu ya vichwa vya twiga, anampanda mbuni, kisha anarushwa na kima kutoka mti hadi mti, na inambidi awangurumie kima fulani ili wageuke na kumrusha upande unaotakiwa. Ukikosea mpangilio unarudi ulikotoka. Watoto wengi duniani waliijua gemu hii mpaka hapo tu. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alikuja kusimulia kwamba fumbo la kima lilikazwa makusudi: Disney haikutaka mtu aliyekodi gemu dukani aimalize kabla ya siku ya kuirudisha.

Hapo ndipo msomaji wa Biharamulo au Ngara anapoguswa zaidi kuliko mnunuzi wa Marekani. Kwenye vibanda vya gemu karibu kila mchezaji ni mkodi. Hulipia dakika au mechi, na nyuma yake kuna mwenzake anasubiri pedi. Ugumu uliowekwa ili kumkomoa mkodi unamla mtoto huyu hela yake hatua ya pili, kila siku. Si ajabu gemu za mpira zimetawala vibanda hivyo: mechi ina mwisho unaojulikana, na anayefungwa naye amecheza dakika zake zote. Gemu inayotokana na filamu, ikija kwenye kibanda, ipimwe pia kwa hili: mtu mwenye dakika kumi anaondoka na nini?

Kipimo kingine ni muda waliopewa watengenezaji. Mwaka 1982 Howard Scott Warshaw wa Atari alipewa takriban wiki tano kutengeneza gemu ya filamu ya E.T. iwahi Krismasi, mwaka uliofuata katriji ambazo hazikuuzika zilizikwa jalalani Alamogordo, New Mexico, na baadhi zilifukuliwa mwaka 2014. Kinyume chake ni GoldenEye 007 ya studio ya Rare, iliyotoka 1997, miaka miwili baada ya filamu yake. Ilikuwa imekosa tarehe zote za matangazo, na bado ikauza nakala zaidi ya milioni nane. Westwood walikimbizana na filamu, lakini walikuwa na mafundi wa kutosha kutozama.

Kuhusu lugha, gemu imerithi uzuri na uvivu wa filamu yake. Mfalme anaitwa Simba, ngiri anaitwa Pumbaa, fisi anaitwa Shenzi, na hatua nzima inaitwa “Hakuna Matata”, maneno ambayo Mtanzania wa kawaida humwachia mtalii, yeye akisema hakuna shida. Zaidi ya majina hayo Kiswahili hakina kazi. Katika hatua hiyohiyo Simba anapambana na sokwe mkubwa wa aina ya gorila, jambo litakalomshangaza yeyote anayeishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambako simba na gorila hawajawahi kukutana. Kosa hilo ni dogo. La lugha ni kubwa kidogo, kwa kuwa imeshaonyeshwa kuwa linaweza kurekebishwa: Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka Aprili 2024 chini ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, inaweza kuchezwa yote kwa sauti za Kiswahili. Hiyo haikutokana na filamu yoyote.

Kwa jumla The Lion King ni gemu nzuri iliyoharibiwa hatua moja na hesabu za duka. Mwaka 2019 ilitolewa upya pamoja na gemu ya Aladdin, kazi ikiwa ya Digital Eclipse, na safari hii imewekewa uwezo wa kurudisha mchezo nyuma sekunde chache. Kima akikurusha vibaya, unarudisha na kujaribu tena.