Shahidi wa Akiba: Aibu, Hofu na Mipango ya Fedha Majengo

Mafunzo ya fedha katika miji ya Mlima Kenya, yawe yameandaliwa na benki, na Sacco au na kanisa, huanza kwa jedwali: mapato huku, matumizi kule, na kinachosalia kiwekwe akiba. Jedwali hilo linamchukulia mwanafunzi kuwa mtu asiyejua hesabu. Lakini mama anayeuza mboga Majengo, mjini Nyeri, anayenunua kwa gunia na kuuza kwa fungu, hesabu anaijua. Asingeijua, mtaji wake ungekatika wiki ya kwanza. Kinachomlemea hakina safu yake kwenye jedwali. Ni simu ya jioni kutoka kwa mdogo wake aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, wakati yeye ana shilingi 3,000 kwenye M-Pesa na mdogo wake anajua anazo. Kusema "sina" ni uongo. Kusema "ninazo lakini sikupi" ni kujitenga na ukoo.

Ninachodai hapa ni kwamba akiba huhitaji shahidi kabla ya kuhitaji nidhamu. Pesa ambayo hakuna mtu mwingine anayejua ni ya kazi gani huwa ya yule atakayewahi kuiomba, na mwenyewe hana la kujibu isipokuwa moyo mgumu, jambo ambalo watu wengi hawana na hawapaswi kulazimishwa kuwa nalo.

Mwaka 2016, wanauchumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya vijijini magharibi mwa Kenya. Washiriki walipewa pesa na kuachiwa waamue wawekeze kiasi gani. Wengine walijua faida yao ingetangazwa hadharani, wengine walijua ingebaki siri. Wanawake waliokuwa na jamaa zao pale, na waliojua kwamba faida ingetangazwa, waliwekeza kidogo. Waliona heri wapoteze faida kuliko jamaa waione. Mshauri wa fedha angewaita watu wasioelewa uwekezaji, na angekosea kabisa, kwa kuwa walikuwa wamepiga hesabu ya ndani zaidi kuliko yake. Miaka 14 kabla ya hapo, Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walikuwa wameandika kuhusu vyama vya mzunguko vya Kibera, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake. Walionyesha kwamba mke hujiunga na chama, kwa sehemu kubwa, ili pesa zitoke nyumbani kabla mume hajazipangia matumizi yake.

Hebu tuutazame mkutano wa chama kwa karibu. Wanawake wameketi mchana wa Jumapili, daftari la kurasa zenye mistari liko mapajani mwa mweka hazina. Anaita jina, mwenye jina anatoa noti au anasoma kwa sauti ujumbe wa M-Pesa, jina linawekewa alama. Aliyechelewa analipa faini, na anacheka akiilipa. Mwenye zamu ya kupokea mchango wa wote anatangaza mbele ya wote pesa zake zinakwenda wapi: karo, godoro, mtumba wa kuuza Karatina. Baada ya tangazo hilo, mdogo wake akipiga simu jioni, jibu analo na ni la kweli: "Pesa za chama hizo, zimeshapangiwa." Ndugu hakasiriki, kwa sababu yeye pia ana chama chake na anajua daftari halibembelezwi. Ile aibu iliyokuwa ikimpokonya akiba sasa ndiyo inayoilinda.

Magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwahi kuwapa wanachama wa vyama vya mzunguko njia tofauti za kuweka akiba ya afya. Matokeo yalichapishwa 2013. Sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo ukiwa kwa mwenyewe, liliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa zaidi ya asilimia 60. Sanduku la aina hiyo hiyo ambalo ufunguo wake uliwekwa na ofisa wa mradi halikuleta tofauti ya maana, maana mtoto akiugua usiku pesa hazishikiki. Kilichofanya vizuri kuliko yote ni mfuko wa chama wenyewe: mchango wa ziada uliotengwa kwa afya, chini ya macho ya wenzao, ambao uliongeza matumizi hayo zaidi ya mara mbili. Kufuli kali ilishindwa na macho ya majirani.

Nyeri haikuhitaji utafiti kulijua hilo. Katika miaka ya 1960 wanawake wa mkoa wa kati waliunda vikundi vya mabati: wanachanga, wananunua mabati, wanaezeka nyumba ya mmoja wao, kisha wanahamia kwa mwingine. Fahari ilifanya kazi ambayo riba ya benki isingeifanya. Paa linaonekana kutoka barabarani, na hakuna shemeji anayeweza kuja kukopa paa. Linganisha na bonasi ya majani chai inayofika Othaya na Tetu kila Oktoba. Ni jasho la mwaka mzima la mkulima yule yule anayelipwa kidogo kila mwezi, lakini moyo huipokea kama zawadi, na mwanauchumi Richard Thaler alishaeleza kwamba akili huziweka pesa katika mafungu na kila fungu lina sheria zake. Oktoba ni furaha, Januari ni karo, na kati yake kuna Krismasi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba basi ndugu ndio tatizo, na dawa ni kujifunza kukataa. Siafiki. William Jack na Tavneet Suri walionyesha mwaka 2014 kwamba familia za Kenya zisizotumia M-Pesa, zikipatwa na msiba au hasara, matumizi yao hushuka kwa asilimia 7, ilhali wanaotumia hawatetereki, kwa sababu jamaa hutuma pesa. Mama yule anapomtumia mdogo wake karo, analipia bima ambayo hakuna kampuni ingemuuzia kwa bei hiyo. Hofu ya kuugua au kuzikwa bila mtu wa kukuchangia ni hofu yenye akili. Mpango wa fedha usioitengea nafasi utavunjwa, na mwenyewe atajilaumu bure.

Mkopo wa simu nauogopa kwa sababu hauna shahidi. M-Shwari ilianza Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ambayo ikirudiwa kila mwezi ni 90 kwa mwaka. Fuliza, mkopo mwingine wa simu, ikafuata Januari 2019. Watu hulalamikia gharama, na wana haki. Lakini tazama pia jinsi mkopo huo unavyochukuliwa: usiku, peke yako, bila kumweleza mtu kazi yake. Baadhi ya wakopeshaji wa programu za simu wakaja kumtafuta shahidi baadaye, kwa kuwapigia simu watu waliomo kwenye orodha ya mdaiwa ili aaibike, mpaka kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikapiga marufuku. Chama nacho hutumia aibu, ila chama husamehe: mwanachama aliyefiwa hubadilishana zamu na mwenzake. Programu ya simu haina zamu ya kubadilishana.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Majengo, kuna hisia nyingine ambayo wakufunzi huikwepa: hofu ya riba. Kenya ilipata benki zake mbili za kwanza zinazofuata sharia mwaka 2008, lakini chama cha mzunguko kilikuwa kimekwisha kulijibu swali hilo, kwani kila mtu hupokea kile kile alichotoa. Muumini asiye na amani na mkopo wake hatauzungumzia, na usiozungumzwa haupangiki.

Hazina ya Hustler ya serikali, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, hukata asilimia 5 ya kila mkopo na kuifanya akiba, sehemu kubwa yake ikiwa ya uzeeni. Hilo ni sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa ofisa. Mkopo wake wa vikundi uliozinduliwa Embu siku ya Madaraka 2023, wa kati ya shilingi 20,000 na milioni 1, unakaribia zaidi namna watu wetu wanavyoishi, kwa sharti moja: uamuzi wa nani apate, lini na kwa kazi gani ufanywe kwenye mkutano, majina yakisomwa. Ukifanywa na viongozi wawili wenye nambari ya siri, utakuwa mkopo ule ule wa usiku, umeongezewa tu watu wa kuulipa.