Hitilafu ya ateri koronari: watu wazima wangapi wanayo?

Mkumbara, kama kwingineko Korogwe na Handeni, neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa. Mwenye ngiri husema ana mshipa. Aliyeamka shingo haigeuki, mshipa umemkaza. Na aliyerudi hospitali na habari kwamba damu haipiti vizuri kwenda kwenye nyama ya moyo, naye ana tatizo la mshipa. Mgonjwa akisema tu “mshipa unanisumbua”, tabibu hana budi kuuliza ni upi. Kwa jambo tunalolizungumzia hapa ni salama zaidi kusema ateri: mshipa unaoondoa damu moyoni.

Koronari imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji. Ateri hizi ni mbili, ya kulia na ya kushoto. Huchipuka kwenye aota, juu kidogo tu ya vali yake, kisha huuzunguka moyo na kuulisha. Wengi husema “ateri za moyo”, na katika mazungumzo inatosha. Katika cheti haitoshi, kwa sababu aota na ateri ya mapafu nazo zinatoka moyoni.

Neno gumu ni la tatu. Mtu akizaliwa na ateri koronari iliyoanzia mahali pasipo pa kawaida, au iliyopita njia nyingine, tuseme ana kilema? Kasoro? Ugonjwa? Mimi nasimama na hitilafu. Neno hili lina maana mbili: tofauti, na pia dosari. Zote mbili zinahitajika hapa, kama takwimu zinavyoonesha.

Takwimu inayotajwa zaidi inatoka Cleveland, Marekani, na ilichapishwa 1990. Madaktari Yamanaka na Hobbs walipitia picha za watu wazima 126,595 walioingizwa mrija mwembamba mpaka kwenye ateri koronari, ikapitishwa dawa, wakapigwa eksirei. Waliokutwa na hitilafu walikuwa 1,686, yaani asilimia 1.3. Hao walipimwa kwa kuwa walishukiwa kuwa na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo hawawakilishi watu wote. Hata hivyo, makadirio ya takriban mtu 1 katika kila 100 ndiyo yanayotumika mara nyingi. Paolo Angelini wa Houston alipopima kwa vigezo vipana zaidi, katika picha 1,950 alipata zaidi ya asilimia 5. Tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na swali la kawaida ni ipi. Angelini mwenyewe alipendekeza kwamba umbo linaloonekana kwa zaidi ya asilimia 1 ya watu lihesabiwe kuwa la kawaida.

Kwa hiyo ukiwakusanya watu wazima 100 wa Mkumbara, huenda mmoja wao anayo, na huenda akazeeka bila kujua. Katika hesabu ya Cleveland, takriban hitilafu 4 kati ya 5 hazikuwa na madhara. Wakulima wa skimu ya Mombo, hapo jirani, watalielewa hili upesi: banio likijengwa ng’ambo ya pili, shamba hupata maji ilimradi mfereji haubanwi njiani.

Hatari ipo kwenye kubanwa huko. Ateri ya kushoto ikianzia upande wa kulia wa aota, kisha ikapita katikati ya aota na ateri ya mapafu, mbio kali zinaweza kuukatia moyo damu ghafla. Mara nyingi tundu lake la kuanzia huwa jembamba kama ufa. Utafiti wa makuruta wa Jeshi la Marekani uliochapishwa 2004 ulikuta kwamba kati ya vifo vya ghafla 64 vilivyotokana na hitilafu ya umbo la moyo, 21 vilihusu ateri koronari ya kushoto iliyopita njia hiyo. Pete Maravich alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa miaka kumi. Alianguka akicheza na wenzake Pasadena, Januari 5, 1988, akafa akiwa na miaka 40. Uchunguzi wa maiti ulionesha kwamba hakuwa na ateri koronari ya kushoto tangu kuzaliwa.

Nalisema hili kwa walimu wa michezo na wazazi: kijana anayezimia akiwa katikati ya mbio, au anayebanwa kifua kila akikimbia, asiambiwe apumzike kidogo kisha arudi uwanjani. Asimamishwe mpaka achunguzwe. Kipimo cha umeme wa moyo akiwa amelala kinaweza kutoka safi kabisa. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikifanywa na mtaalamu huweza kuonesha mahali ateri inapoanzia. Njia yake huonekana vizuri zaidi kwa sitiskani ya ateri za moyo. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, inapima na kupasua moyo.

Na kwa yule mtu mzima ambaye hitilafu yake imeonekana kwa bahati, alipopimwa jambo jingine, ikathibitika haina madhara, cheti kiandikwe wazi. Kwa mfano, kwa hitilafu ya ateri ya kuzunguka, ambayo kwa kawaida ni tawi la ile ya kushoto: “Ateri koronari ya kuzunguka inaanzia kulia, haibanwi.” Akifika zahanati nyingine, asianze kutibiwa ugonjwa asio nao.