Mkate wa Meli na Muhogo wa Shambani

 Leo sisemi habari za mbolea wala za chonga wa minazi. Nataka nikupeni historia ya ugonjwa mmoja unaoletwa na mkate. Ifuateni hadi mwisho, kwani mwisho wake umo shambani kwenu.

Ugonjwa huo madaktari wanauita siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna kitu kiitwacho gluteni, ndicho kinachoufanya unga wa chapati uvutike. Wengi wetu tunakila bila ya taabu. Lakini wako watu ambao kinga ya miili yao, ikikutana na gluteni, hugeuka ikaupiga utumbo wao wenyewe. Utumbo huwaka kwa ndani, na vinyweleo vyake vya kufyonzea chakula hulala kama mpunga uliopigwa na upepo. Mtoto anakula lakini hanenepi. Tumbo limejaa, mikono imekonda, na kuharisha hakuishi.

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alizieleza dalili hizo, akasema kwamba kama iko tiba, basi itatokana na chakula. Chakula gani? Hakujua. Mwaka 1924 huko New York, daktari Sidney Haas aliwapa watoto wagonjwa ndizi mbivu, akawazuilia mkate. Wakanawiri. Watu wakasema, ndizi ni dawa!

Hapa mimi bwana shamba nasimama kidogo. Ukitia samadi na siku ile ile ukapalilia, muhogo ukistawi utajuaje kilichousaidia ni kipi? Haas alitia ndizi akatoa mkate, kisha sifa akaipa ndizi. Kumbe watoto waliorudishiwa mkate waliweza kurudi kuugua.

Jibu lilitoka Uholanzi. Willem Karel Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague, alianza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, katika vita, chakula kilizuiliwa na watu wapatao 20,000 wakafa kwa njaa. Wengine walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Mkate ukaadimika. Katika msiba ule, watoto wa siliaki wakapata nafuu, na mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Dicke hakutosheka na hadithi. Aliwapa wagonjwa ngano, akawaondolea, akapima, na mwaka 1950 akatoa tasnifu yake Utrecht. Baadaye yeye na wenziwe wakaonyesha kuwa mkosaji ni gluteni.

Mtu ataniuliza, "Bwana shamba, Pemba yatuhusu nini?" Vita vile vile vilitufikia. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Karafuu zikaleta pesa, na pesa zikaleta mchele kwa meli. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa Burma ukakatika, na watu wakahimizwa walime chakula chao wenyewe. Na muhogo, ndizi, viazi vikuu, majimbi, shelisheli, mtama na mpunga wetu, vyote havina gluteni hata chembe.

Sasa mifupa. Utumbo ulioungua haufyonzi vizuri madini ya kalsiamu, yaani chokaa ya mifupa, wala vitamini D. Mwili ukiikosa chokaa chakulani, huichota mifupani, kama mtu anayeng'oa boriti za nyumba yake apate kuni. Ule uvimbe wa ndani nao huzidi kuimaliza mifupa. Mtoto hadumu kurefuka, na mtu mzima huvunjika kwa kuanguka kidogo. Gluteni ikiachwa, utumbo hupona polepole, na mifupa nayo huanza kujijenga.

Lakini tahadhari. Mtoto akikonda usikimbilie kusema ni siliaki. Kwetu minyoo, malaria na kifua kikuu ndivyo vya kutazamwa mwanzo. Mpeleke hospitali. Wala usimwachishe ngano kabla ya kipimo cha damu, maana akishaiacha muda mrefu kipimo kinaweza kutoonyesha kitu.

Akithibitika, basi ngano aiache maisha yake yote, hata kipande cha andazi. Mpikieni bada la muhogo, vitumbua na mkate wa kumimina usiotiwa unga wa ngano, au mofa ya mtama mtupu. Unga wake usisagwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, na vitumbua vyake visikaangwe kwenye mafuta ya maandazi. Muhogo peke yake haujengi mwili, uandamane na kunde, choroko, maziwa, na dagaa wanaoliwa na miba yao. Muhogo mchungu uroweke na kuanikwa vizuri.

Na wewe usiye na ugonjwa, kula mkate wako, hakuna ubaya. Ila usione haya kumwekea mgeni muhogo. Kuna mtoto mahali ambaye sahani hiyo ndiyo uhai wake, na aliyeilima ni wewe. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.