Mamlaka na Mipaka Yake

Msomaji, yamkini umepata kuwasikia watu wakisema ya kwamba serikali njema ni ile yenye nguvu, ambayo ikitamka neno huwa, na ya kwamba kuiwekea serikali mipaka ni kuifunga mikono isiweze kuwatendea wananchi mema. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, viongozi wake walitangaza vita juu ya maadui watatu, yaani ujinga, maradhi na umaskini. Na ni nani apendaye kwenda vitani nyuma ya jemadari aliyefungwa kamba? Lakini iko hoja nyingine isemayo kwamba mamlaka yasiyo na ukomo humgeukia hata yule aliyeyatafuta. Hoja hizi mbili zilishindana katika nchi hii kwa muda wa miaka hamsini. Nakuomba tufuatane tuone mashindano hayo yalivyokwenda, kwa maana mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba watu wema walisimama upande mmoja na wabaya upande wa pili. Mambo hayakuwa hivyo.

Yatupasa kuanza na serikali ya kikoloni, ambayo ndiyo iliyofinyanga chungu walichokirithi wengine. Gavana hakuchaguliwa na wenyeji wala hakuweza kuondolewa nao. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na maelfu ya watu wakatiwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Jomo Kenyatta alikamatwa usiku ule ule, akahukumiwa huko Kapenguria mwaka 1953, wala hakuachiliwa hadi Agosti 1961. Hali ya hatari ilikoma mwaka 1960. Lakini mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kulinda usalama wa umma, ambayo ilihifadhi uwezo wa kumzuia mtu pasipo kumshtaki. Uiweke sheria hiyo moyoni, maana tutakutana nayo tena.

Mwaka 1962 wajumbe wa Kenya walikutana katika jumba la Lancaster House, mjini London, kutunga katiba ya nchi itakayokuwa huru. Chama cha KANU, cha akina Kenyatta, Jaramogi Oginga Odinga na Tom Mboya, kilitaka serikali moja imara yenye makao yake Nairobi. Chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kilitaka mamlaka yagawanywe kwa majimbo. Hofu ya KADU yaeleweka upesi. Wengi wao walitoka katika makabila madogo, nao waliona ya kwamba serikali moja yenye uwezo wote ingekuwa mali ya makabila makubwa, na ardhi yao ingegawiwa na watu wasiowajua. KANU nao wakajibu ya kwamba majimbo yangeipasua nchi vipande vipande, tena yangekula fedha ambazo zingejenga shule. Wakaongeza ya kwamba walowezi wengi wa Kizungu waliunga mkono majimbo ili wapate mahali pa kujificha. Jibu hilo halikuwa uongo. Hoja ya kuipunguzia serikali nguvu hutumiwa na mnyonge anayetafuta kinga, nayo hutumiwa vile vile na mwenye mali nyingi asiyetaka kuulizwa alivyoipata.

Katiba iliyopatikana ilikuwa na ua mrefu pande zote. Nchi iligawanywa katika majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi, na kila jimbo likawa na baraza lake. Bunge lilikuwa na nyumba mbili, na katika ile ya Seneti waliketi maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Haki za raia ziliandikwa waziwazi. Katiba yenyewe haikuweza kubadilishwa ila kwa kura za robo tatu ya wajumbe wa kila nyumba, na vifungu vizito, kama vile vya majimbo na haki za raia, vilihitaji sehemu tisa katika kumi za Seneti.

Sasa utazame jinsi ua huo ulivyong'olewa. Haukubomolewa kwa kishindo usiku mmoja. Uling'olewa mti mmoja mmoja, mchana, kwa kura halali, na kila mti ulipong'olewa palitolewa sababu iliyosikika kuwa ya busara. Novemba 1964 chama cha KADU kilijivunja na wabunge wake wakajiunga na serikali. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakaanza kupokonywa kazi zao. Mwaka 1965 kiasi cha kura za kubadili Katiba kilishushwa kikawa asilimia 65. Desemba 1966 Bunge lilipitisha kwamba Seneti iunganishwe na nyumba ya pili. Maseneta wenyewe waliridhia, kwa kuwa viti vyao 41 viliongezwa juu ya 117 vilivyokuwapo, vikawa 158. Ni vigumu mtu kukataa nyumba yake ibomolewe ikiwa ameahidiwa chumba katika nyumba ya jirani.

Katika mwaka huo wa 1966 ndipo tunapokutana tena na ile sheria ya usalama wa umma. Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, alikosana na wenzake, akajiuzulu mwezi wa Aprili, akawa kiongozi wa chama kipya cha KPU. Bunge likabadili Katiba upesi, ikawa kila mbunge anayehama chama hana budi kurudi kuomba kura upya. Tena sheria ya mwaka 1960 ikafanyiwa marekebisho, na serikali huru ikapata uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki, kama Gavana alivyokuwa nao. Oktoba 1969 KPU ilipigwa marufuku na Odinga akatiwa kizuizini, akakaa huko hadi mwaka 1971.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Odinga alikuwa miongoni mwa viongozi wa KANU walioyapinga majimbo na kuitaka serikali moja yenye nguvu. Siku alipozihitaji zile kinga, seneti inayoweza kukataa, majimbo yasiyoitegemea Nairobi, na katiba isiyobadilishwa kwa haraka, alikuta nyingi zimekwisha kuondolewa na chama alichokuwa mmoja wa wakuu wake. Wala Kenyatta, aliyeonja kizuizi kwa miaka kadhaa, hakuiona haja ya kuliteketeza kufuli lililomfunga. Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga. Nawe wajua unavyomalizika msemo huo.

Ukidhani basi ya kwamba dawa ni kumpata mtawala aliyepata kuwa upande wa wanyonge, mfuate Daniel arap Moi. Huyu alikuwa mwenyekiti wa KADU. Mwaka 1962 aliitetea hoja ya kuigawa serikali kuu, na majimbo yalipoundwa alikuwa rais wa baraza la jimbo la Bonde la Ufa. Alipoupokea urais wa nchi mwaka 1978, baada ya Kenyatta kufariki, aliwafungulia wafungwa wote wa kizuizini, na nchi ikashangilia. Lakini Juni 1982 Katiba ilitiwa kifungu kilichofanya KANU kuwa chama pekee, na kizuizi kikarudi. Mwaka 1986 Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za serikali waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii haisemi kwamba mwamba ngoma ni mwovu kuliko sisi; yasema tu ya kwamba kila anayeketi mahali pale mikono yake huvuta upande ule ule.

Huenda ukauliza, ulinzi wa kazi ya jaji wanihusu nini mimi? Fikiri mchezo wa mpira ambao kapteni wa timu moja ana ruhusa ya kumfukuza refa wakati wowote apendapo. Kapteni huyo hahitaji kumfukuza refa yeyote. Yatosha refa ajue kwamba aweza kufukuzwa. Basi ndivyo ilivyokuwa kwa raia aliyeishtaki serikali mbele ya jaji aliyekula mkate wake kwa hisani ya serikali. Mabadiliko ya mwaka 1988 yaliwapa polisi pia ruhusa ya kumshika mtuhumiwa wa kosa la kunyongwa kwa siku 14 kabla ya kumpeleka mahakamani, mahali pa saa 24. Mwaka huo huo KANU iliwateua wagombea wake kwa mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya mtu wamtakaye, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 au zaidi akawa mbunge papo hapo bila kura ya siri. Chama cha Mawakili na viongozi kadhaa wa makanisa walikwisha kupiga kelele tangu mwaka 1986, Bunge halikuwasikia. Mwaka 1990 majaji walirudishiwa ulinzi wao, na Desemba 1991 kile kifungu cha chama kimoja kikafutwa.

Katiba ya leo ilikubaliwa na takriban asilimia 67 ya wapiga kura tarehe 4 Agosti 2010, ikatangazwa rasmi tarehe 27 ya mwezi huo. Imesimamisha tena miti mingi ya ule ua wa kale. Seneti imerudi. Kuna kaunti 47, na sheria yaagiza zigawiwe kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mtu aliyekamatwa sharti afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimekwisha wakati mahakama imefungwa. Mambo makubwa, kama vile mamlaka ya wananchi, haki zao na muhula wa Rais, hayawezi kuguswa bila kura ya maoni.

Wako wanaolalamika ya kwamba tumeipata serikali kubwa mno. Hawakukosea hesabu. Bunge la mwaka 1988 lilikuwa na viti 200 pamoja na vya kuteuliwa. Leo Bunge la Taifa peke yake lina wabunge 349, Seneti ina 67, na juu ya hao kuna wawakilishi wa wadi 1,450, na wote hula mshahara wa umma. Gharama hiyo ni nzito, na mlipa kodi ana haki ya kuipigia kelele. Lakini usichanganye udogo na mipaka. Bunge lile la watu 200 lilikuwa dogo na la gharama ndogo, nalo halikuweza kumzuia mtu yeyote kufanya lolote. Kama ningeambiwa nichague, ningeyakubali mabaraza haya yenye makelele na magomvi ya fedha, huku nikiomba yapunguzwe kwa kiasi.

Miaka michache baadaye ua huo ulijaribiwa. Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, wana wa wale wakubwa wawili tuliowataja, waliunga mkono mabadiliko ya Katiba ambayo yangeongeza maeneo 70 ya bunge na kurudisha cheo cha Waziri Mkuu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliyakataa, na Mahakama ya Rufani ikayakataa. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaamua ya kwamba Rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekewa raia wa kawaida, na mpango ule ukaishia hapo. Majaji waliotoa hukumu hiyo walirudi kazini siku iliyofuata.