Namna Wazazi wa Mtakatifu Teresia Walivyochumbiana

Katika misioni zetu ni nani asiyejua jina la Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu? Picha yake yenye maua ya waridi imetundikwa katika nyumba nyingi, na tangu mwaka 1927 yeye ni msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Xaveri. Lakini ukiuliza, «Baba yake na mama yake walipatanaje?» wengi hunyamaza. Nao ni watakatifu vilevile. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza pamoja, bwana na bibi, tarehe 18 Oktoba 2015. Vijana ninaowafundisha mambo ya ndoa huniuliza kila mwaka: «Nitamtambuaje yule anayenifaa?» Basi leo niwasimulie uchumba wa hao wawili.

Louis Martin alizaliwa Bordeaux, katika Ufaransa, mwaka 1823. Baba yake alikuwa askari. Kijana alijifunza kazi ya kutengeneza saa, kazi inayotaka mikono mitulivu na uvumilivu. Alipokuwa na miaka 22 alipanda milima mirefu ya Alpes mpaka monasteri ya Grand-Saint-Bernard, mahali watawa wanapowasaidia wasafiri waliopotea katika theluji. Aliomba kupokewa. Mkubwa wa watawa akamwuliza: je, unajua Kilatini? Hakukijua. Akaambiwa arudi kwao, ajifunze kwanza. Louis alirudi, akanunua vitabu, akajifunza kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini ugonjwa ulimshika, akaacha. Akashika tena kazi yake ya saa, na mwaka 1850 akafungua duka katika mji wa Alençon. Dimanche hakufungua, ingawa watu wa vijijini walikuja mjini siku hiyo wakiwa na fedha mkononi. Rafiki zake walimshauri afungue hata mlango wa pembeni tu. Alikataa.

Zélie Guérin alizaliwa mwaka 1831, karibu na mji huohuo. Naye alikuwa binti wa askari. Alitaka kuwa sista, awahudumie wagonjwa katika hospitali ya Alençon pamoja na masista wa Mtakatifu Vincent de Paul. Mama mkubwa wa masista alimsikiliza, kisha akamwambia wazi kwamba huo si wito wake. Fikirini uchungu wa msichana yule! Lakini hakukaa chini kulia tu. Alimwomba Mungu, ikiwa ni lazima aolewe, ampe watoto wengi, na wote wawe wake Mungu. Kisha akajifunza kazi ya dantela, kile kitambaa chepesi cha nyuzi chenye matundu na maua, ambacho mji wa Alençon ulijulikana kwacho. Dantela ya Alençon hufanywa vipande vipande na wanawake mbalimbali, na mwisho vipande huunganishwa ili mshono usionekane. Kuunganisha ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na kazi hiyo aliifanya Zélie mwenyewe. Kabla ya kufika miaka 23 alikuwa na biashara yake, na wafanyakazi wake.

Basi walikaa katika mji mmoja miaka mingi bila kujuana. Mama yake Louis alihangaika. Mwanawe alikuwa na miaka 34, anasali, anafanya kazi, anakwenda kuvua samaki, lakini habari za mke hataki hata kuzisikia. Mama huyo alikwenda kujifunza dantela, na huko akamwona Zélie. Alimtazama kazini siku kwa siku: namna anavyoshika sindano, namna anavyosema na wenzake. Akasema moyoni: huyu atamfaa mwanangu.

Siku moja ya mwezi wa Aprili 1858 Zélie alikuwa akivuka daraja la Saint-Léonard, juu ya mto Sarthe. Kijana asiyemjua akapita mbele yake. Uso wake na mwendo wake wa heshima vilimgusa, na ndani ya moyo akasikia kama sauti ikimwambia kwamba huyu ndiye aliyetayarishiwa. Alikuwa Louis. Mama mtu alisaidia wakutane, wakazungumza, wakapendana, wakaahidiana. Ndoa ya Kanisa ilifungwa saa sita ya usiku, kuamkia tarehe 13 Julai 1858. Tangu siku ya darajani ilikuwa imepita miezi mitatu tu.

Mtu atasema: walifanya haraka. Sivyo. Miezi ilikuwa mitatu, lakini matayarisho yalikuwa ya miaka. Kila mmoja alikuwa amekwisha kujifunza kusali, kufanya kazi, na kupokea neno «hapana» bila kumkasirikia Mungu. Walipokutana hawakuwa na lolote la kufichana.

Tena tazameni kazi ya mama yule. Kwetu pia wazazi hutazama kwanza nyumba ya msichana, ndipo hutuma mjumbe. Ni desturi njema. Yeye alifungua njia, lakini jibu aliwaachia wenyewe. Na mali? Katika Ufaransa ya siku zile mali ya ndoa ilitoka upande wa bibi arusi, na Zélie aliitafuta kwa sindano yake. Hata hivyo mama mkwe alianza kutazama tabia na mikono, si mfuko.

Nina sababu ya kuipenda habari hii. Mimi nilikaa seminarini miaka kadhaa, kisha nikarudi nyumbani. Nilipokwenda kuposa, mzee wa nyumba alimwuliza mjumbe wangu: «Kijana aliyerudishwa na mapadri, ataweza nyumba?» Neno lile lilinichoma. Sikujibu kwa maneno. Niliendelea kufundisha watoto na kulima shamba langu, na baada ya mwaka mzee mwenyewe aliniita. Leo ananiita mwanangu.

Wala msidhani kwamba yote yalikuwa rahisi. Siku ya arusi yenyewe Zélie alikwenda Le Mans kumwona dada yake, aliyeingia utawani mwezi wa Aprili uleule. Mbele yake alilia sana, maana hamu ya utawa ilikuwa haijafa. Louis hakumkaripia. Alimwelewa, akamtuliza, kwa kuwa naye alikuwa amekijua kidonda hicho. Miezi kumi walikaa kama kaka na dada, mpaka padri muungamishi wao alipowashauri vingine. Mungu akawapa watoto tisa. Wanne walikufa wadogo. Mabinti watano walikua, na wote wakawa watawa. Wa mwisho, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873, ndiye Teresia wetu.

Basi, kijana uliyefungiwa mlango mmoja, usione haya. Shika kazi yako vizuri na sala zako. Nanyi wazazi, kabla ya kuhesabu mbuzi na fedha, tazameni kwanza moyo wa mtoto anayebisha hodi.

Mtakatifu Louis na Mtakatifu Zélie, mtuombee.