Kiuno Kinauma, Lakini Kiuno Gani?

Asubuhi ufukweni Rumonge, Burundi, wavuvi wakishashusha ndagala, wachukuzi ndio kwanza wanaanza. Bidoni ya lita 20 za mawese ina kilo 18 hivi. Abebaye kila siku, ipo siku atajishika kiuno. Dawa ya wazee ilikuwa kuumikwa: pembe inabandikwa, damu inafyonzwa. Pembe haikuuliza maumivu yanatoka wapi.

Swali hilo liliulizwa kwingine. Mwaka 1880 Lazar Lazarević, daktari wa Serbia aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi, alieleza jinsi ya kumkagua mgonjwa wa siatika, maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, kwa kumnyanyua mguu. Mwaka 1881 J. J. Forst, mwanafunzi wa Charles Lasègue huko Paris, akaandika kipimo hichohicho katika tasnifu yake. Sifa akapewa mwalimu, na waliosomea udaktari kwa Kifaransa husema "Lasègue" tu mpaka leo.

Kipimo hicho hakihitaji hata umeme. Mgonjwa analala chali, goti limenyooka, kisigino kinapandishwa polepole. Paja likivuta kwa nyuma, hilo si kitu. Hata mzima huvutwa. Maumivu kama ya umeme yakimshuka mpaka chini ya goti, neva imeguswa. Kisha unanyanyuliwa mguu usiouma: ule mbovu ukiuma, shaka inapungua sana.

Mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston walionyesha kuwa diski, yaani kile kimto kati ya pingili za mgongo, ikichomoza hubana neva, na tangu hapo kila kiuno kikashukiwa diski. Picha za sumaku (MRI) zilipokuja, zilizidisha shuku hiyo hadi 1994, watu 98 wasioumwa mgongo walipopigwa picha Marekani: 36% tu ndio waliokuwa na diski zisizo na kasoro.

Picha peke yake haikutosha; mikono ikarudi kazini. Robin McKenzie, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Wellington, New Zealand, alikuwa amekwisha kuonja siri ya mkao wa mwili mwaka 1956, mgonjwa wake alipolala kifudifudi kwa bahati tu kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, akaamka na nafuu. Tangu hapo akawapanga wagonjwa kwa mwelekeo unaopunguza maumivu, kupinda au kujinyoosha nyuma. Kamati ya Quebec, Kanada, kuhusu magonjwa ya mgongo, ya 1987, ikawapanga kwa mahali maumivu yanapofikia.

Kwa mchukuzi wa Rumonge, maswali ni hayohayo: "Kaka, uchungu unaishia juu ya goti au chini? Ukiinama unazidi?" La mwisho huulizwa kwa sauti ya chini: mkojo unautambua? Akijibu hapana, na msamba umekufa ganzi, hangoji tena kunyanyuliwa mguu. Anapakiwa gari la Bujumbura siku hiyohiyo.