Ukumbi Ulifunguka, Hazina Ikabaki Imefungwa

Tumezoea kusimuliwa historia ya muziki wa roki, ule ambao Wamarekani wa miaka ya 1950 waliuita rock and roll, kama kisa cha vijana waliokataa kuwatii wazazi wao. Kisa hicho kina ukweli wake, lakini kimeacha nje jambo kubwa. Nionavyo mimi, roki ilikuwa kwanza kabisa suala la mipaka: nani akae na nani, nani acheze na nani, na hatimaye nani alipwe. Katika maswali mawili ya mwanzo muziki ulishinda kwa kiasi kikubwa. Katika swali la tatu ulishindwa, na kushindwa huko kunawahusu wasanii vijana wa leo pamoja na watumishi wa umma waliopewa kazi ya kuwasimamia.

Marekani iliyotoka katika Vita Kuu ya Pili ilikuwa nchi ya utajiri na ya ubaguzi kwa wakati mmoja. Katika majimbo ya Kusini, sheria iliwatenga weusi na weupe shuleni, katika mabasi, migahawani na katika kumbi za starehe. Hata soko la muziki lilitengwa. Mpaka mwaka 1949 jarida la Billboard liliorodhesha santuri za Wamarekani weusi chini ya jina lililotaja mbari yao. Mwaka huo mwandishi wake, Jerry Wexler, alipendekeza ziitwe rhythm and blues. Jina likabadilika, ukuta ukabaki.

Ufa wa kwanza katika ukuta huo uliletwa na redio. Sheria iliweza kumzuia kijana mweupe asiingie katika klabu ya weusi, lakini haikuweza kuyazuia mawimbi ya sauti yasiingie chumbani kwake. Mwaka 1951, katika mji wa Cleveland, mtangazaji mweupe aitwaye Alan Freed alianza kupiga santuri za weusi katika kipindi cha usiku. Dansi aliloliandaa tarehe 21 Machi 1952 lilifurika watu kupita uwezo wa ukumbi, na polisi wakalivunja kabla halijafika mbali.

Vifaa navyo vilisaidia. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika iliingia sokoni mwaka 1949. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilitoka mwaka 1954 kwa bei isiyofika dola 50, na miaka iliyofuata bei za redio hizo zilizidi kushuka. Zamani redio ilikaa sebuleni na baba ndiye aliyechagua stesheni. Sasa kijana aliweza kuwa na redio yake, santuri zake na fedha kidogo za kibarua cha baada ya masomo. Hapo ndipo tabaka jipya la kijamii lilipopata nguvu: mtu ambaye si mtoto wala si mzee wa nyumba, mwenye lugha yake, mavazi yake na soko lake.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenga shule za umma kwa rangi kunavunja katiba. Wiki saba baadaye, tarehe 5 Julai, kijana mweupe Elvis Presley alirekodi mjini Memphis, katika studio ya Sam Phillips, wimbo wa mwanamuziki mweusi Arthur Crudup. Simaanishi kwamba tukio moja lilizaa jingine. Ninachosema ni kwamba yote mawili yaligusa mshipa uleule, na waliotaka ukuta ubaki walilitambua hilo mapema kuliko wengi wetu tunaosoma historia hiyo leo.

Malalamiko yao yalivaa vazi la maadili. Roki ilidaiwa kuwa kelele, uhuni na kichocheo cha zinaa. Mwezi Juni 1956 wakuu wa mji wa Santa Cruz, California, waliupiga marufuku katika mikusanyiko ya umma. Tarehe 6 Januari 1957 kamera za kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan zilimwonyesha Presley kuanzia kiunoni kwenda juu tu, ili taifa lisione nyonga zake.

Lakini tulitazame tukio la Birmingham, Alabama, la tarehe 10 Aprili 1956. Wanaume weupe walipanda jukwaani wakamshambulia mwimbaji Nat King Cole mbele ya hadhira ya weupe watupu. Cole hakuwa mwimbaji wa roki. Aliimba nyimbo laini za mapenzi, tena kwa suti na kwa utulivu. Washambuliaji walihusishwa na kundi la Asa Carter, mbaguzi aliyekuwa akiendesha kampeni dhidi ya roki kama njama ya kuchanganya weusi na weupe. Kama kosa lingekuwa kelele, Cole angekuwa wa mwisho kuguswa. Kosa lilikuwa mtu mweusi kupendwa na watu weupe.

Hata hivyo mipaka iliendelea kulegea. Wanamuziki wa enzi hizo wamesimulia kuhusu kumbi za Kusini zilizofungwa kamba katikati, weusi upande huu na weupe upande ule, na jinsi kamba hiyo ilivyosahaulika dansi lilipokolea. Kufikia Septemba 1964 kundi la Beatles kutoka Uingereza liliweza kutangaza kwamba halitapiga Jacksonville, Florida, mbele ya hadhira iliyotengwa kwa rangi, na takwa lao likakubaliwa. Sidai kwamba santuri ndizo zilizoangusha sheria za ubaguzi. Zilianguka kwa kazi ya makanisa, mahakama, vyama na wanafunzi kama wale wanne wa Greensboro walioketi katika mgahawa wa weupe tarehe 1 Februari 1960. Muziki uliwazoesha vijana wengi kuiona sheria hiyo kuwa jambo la aibu.

Sasa tuje kwenye hazina. Arthur Crudup alifariki mwaka 1974 bila kupata mirabaha aliyostahili kutokana na nyimbo zilizowatajirisha wengine. Chuck Berry alipotoa "Maybellene" mwaka 1955, jina la Alan Freed liliandikwa kama mtunzi mwenza ingawa hakutunga. Berry alirudishiwa haki yake kamili mwaka 1986. Wimbo wa Little Richard "Tutti Frutti" uliimbwa upya na Pat Boone, mwimbaji mweupe, na toleo la Boone likapanda juu zaidi katika orodha ya mauzo. Bunge la Marekani lilipochunguza rushwa katika redio kuanzia mwaka 1959, Freed alikuwa miongoni mwa walioanguka. Mikataba iliyowanyonya watunzi haikuguswa.

Mkondo huohuo wa muziki ulifika kwetu kwa jina la soul. Baada ya Umoja wa Vijana wa TANU kuanzisha Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969, muziki wa soul nao ulipigwa marufuku Dar es Salaam mwezi Novemba mwaka huo. Taifa changa lilikuwa na haki ya kutafuta utamaduni wake, na sababu zake zilikuwa tofauti kabisa na zile za Alabama. Lakini kulikuwa na kejeli ya historia hapo: tuliuita wa kibeberu muziki wa watu walionyonywa na ubeberu uleule, miaka michache tu tangu wapate haki ya kuketi katika mgahawa.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Mtumishi wa umma anayeletewa waraka wa kufungia wimbo na ajiulize kwanza ni mpaka gani ulioguswa, na mpaka huo unamlinda nani. Maadili huenda ni sababu ya kweli. Huenda pia ni pazia. Na kijana msanii anayeshangiliwa na ukumbi mzima akumbuke kwamba makofi hayana mrabaha. Asome mkataba kabla ya kutia saini, asajili hakimiliki yake, ajiunge na wenzake. Kizazi cha Chuck Berry kilibadilisha masikio ya dunia kwa miaka michache tu. Berry mwenyewe alisubiri miaka 31 ili wimbo wake uandikwe jina lake peke yake.